Majina Yaliyohamia kwa Kaveke

Jina la kwanza kuhama lilikuwa la mtoto wa miaka minne, Kavoi. Asubuhi lilikuwa kwenye orodha ya Nereah. Kufikia saa sita mchana lilikuwa kwa Kaveke, na hakuna aliyeligusa.

Ilikuwa Januari 2008. Katika ofisi ya kanisa moja pale Kawangware 46, wanawake hao wawili waliandikisha watu waliopotezana kwenye vurugu za uchaguzi. Kaveke alishika orodha ya Kawangware, Nereah ya Kibera. Zote zilikaa kwenye seva moja, lakini Simeon, fundi wa kompyuta, alikuwa amezitenga: kila orodha na diski yake na paswadi yake, ili wabaya wakiiba moja wasijue waliojificha upande wa pili.

Kaveke alikuwa amefanya kazi katika ofisi hiyo miaka minne. Nereah alikuja juzi tu kutoka Kisumu Ndogo, kule Kibera, na tayari kina mama waliopata watoto wao walikuwa wakimkumbatia wakilia kwa furaha. Watu wa orodha ya Kaveke hawakupatikana. Siku moja aliiegemea seva, akanong'ona, "Laiti wote wangekuwa wangu."

Feni ya seva ikanyamaza. Chumba kikajaa harufu ya udi.

Baada ya Kavoi yakahama majina tisa, kisha arobaini.

"Kaveke, nani anahamisha hizi data?" Simeon aliuliza kwa sauti ya chini. "Hizi diski hazijuani."

"Si mimi." Akarudi kwenye orodha yake, maana sasa watu wake walikuwa wakipatikana na shukrani zilikuwa zinamjia yeye.

Ijumaa Kavoi akaletwa. Mama yake, Nduku, alipiga magoti akafungua mikono, lakini mtoto alimpita kama anayepita nguzo, akaenda moja kwa moja hadi kwa Kaveke, akashika sketi yake na kumwita mama, na nyuma yake watoto wengine waliopatikana wakawa wanaingia mmoja mmoja, kimya, macho yao yamemkazia Kaveke peke yake, na udi ukazidi kunuka mpaka Nduku akashindwa hata kulia.

"Nereah, dadangu," Kaveke alisema, "ni mimi nilitaka hivi. Nilikuonea wivu."

Nereah alitoka mbio. Alienda Kibera akamleta Ishmael, mzee Mnubi anayetoa majini. Mzee alisoma dua, akanyunyiza marashi mlangoni.

"Liambie jini hutaki zawadi yake," alimwambia Kaveke.

"Sitaki," Kaveke akasema. "Si wangu."

Feni ikaanza kuzunguka. Kavoi akaangua kilio, akamkimbilia Nduku. Simeon alipofungua diski, majina yote yalikuwa yamerudi kwa Nereah.

"Limetoka," Ishmael alisema taratibu. "Lakini jini haliondoki mikono mitupu. Nyumbani kwako kuna nani?"

Kaveke alikimbia hadi nyumbani kwake Kongo, mtaa wa hapo hapo Kawangware. Binti yake wa pekee, Mbula, alifungua mlango, akamtazama kwa adabu.

"Mum bado hajafika, auntie. Akikuja nimwambie ni nani alikuwa anamtafuta?"