Anguka Mara Tatu Ndipo Upande

Kigawadawa kilisukuma droo yake kutoka ukutani, kikasoma bangili-pima iliyokuwa mkononi mwa Bi Mwashi, kisha kikairudisha droo ndani ikiwa tupu.

"Ngazi imesimama," kilisema kwa sauti laini. "Mgonjwa hakumeza dawa. Aombe radhi, tuanze upya."

Bi Mwashi alikuwa amelala kwenye godoro lililotandikwa katikati ya sebule, ulimi umemvimba kwa kujing'ata. Pembeni alikaa jirani yake, Mama Sizya, akimfuta jasho kwa ncha ya kanga. Nyamizi, binti wa Bi Mwashi, aliyekuwa ameingia mbio kutoka kazini, hakuuliza mashine ilimaanisha nini. Maneno yale aliyaandika yeye.

Katika Tabora ya miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na kigawadawa ukutani, mali ya Bima ya Tulizo, na Nyamizi ndiye mhandisi aliyekifundisha kupanda ngazi. Kwa kila ugonjwa, dawa ya bei nafuu ilikaa chini na ya ghali ikakaa juu. Mgonjwa hakupandishwa mpaka ile ya chini ishindwe, na kwa wenye kifafa, kushindwa kulikuwa ni kuanguka mara tatu. Ada zilishuka. Hata wauza karanga wakapata bima. Nyamizi akapandishwa cheo. Na ili asitokee mkubwa wa kumpenyeza ndugu yake, hakuacha upenyo wowote wa mkono wa mtu. Hata mkono wake.

Alipopata cheo hicho alifanya linalofanywa na kila kifungua mimba aliyefanikiwa: alimhamishia mama yake kwenye kadi yake, akachinja mbuzi. Bi Mwashi alikuwa ametumia dawa ya kifafa ya daraja la juu kwa miaka mingi bila kutikisika hata ukope. Lakini kigawadawa kiliona kadi mpya, kikamhesabu kuwa mgonjwa mpya, kikamshusha hadi chini kabisa. Akaanguka jikoni. Akaanguka tena msibani, mbele ya wakwe, kanga ikamvuka.

"Mama, vidonge ulivipeleka wapi?"

"Waulize kuku wa Mama Sizya."

"Usinitaje," alisema Mama Sizya. "Jogoo wangu mpaka leo anawika saa za mchana."

"Mama! Ungekufa!"

"Kule msibani niliangushwa. Leo nimejiangukia mwenyewe. Godoro langu, mlango nimefunga, shoga yangu kanishika kichwa. Ilibaki moja tu, mhandisi. Nikaona niimalize kwa heshima."

Nyamizi alipiga magoti kando ya godoro. "Haikuhesabiwa. Bangili inasoma damu, na haikukuta dawa."

"Na zile mbili za kweli?"

"Ukiomba radhi zinafutwa. Unaanza tena chini."

"Kwa vidonge vilevile?"

"Vilevile."

"Nisipoomba?"

"Droo haifunguki."

Mama Sizya aliguna, akaendelea kufuta jasho lililokwisha kukauka.

Nyamizi aliinuka, akabandika kiganja chake ukutani. "Mimi ni Mhandisi Nyamizi. Nilikutengeneza mimi. Fungua."

"Asante kwa kazi yako, Mhandisi Nyamizi. Upendeleo hauruhusiwi."

Hakikukosea. Alikifundisha vizuri. Alikipiga ngumi, ukuta ukamuumiza vidole, na ile sauti laini ikamuuliza kama anahitaji dawa ya maumivu, ya daraja la chini kabisa.

Akamrudia mama yake. "Sema samahani tu, Mama. Angalau upate hivyo vya chini. Kesho nitatafuta njia."

"Utaitafuta wapi? Uliziba kila tundu. Ulitusimulia mwenyewe siku ya mbuzi, watu wakakupigia makofi." Bi Mwashi alimshika mkono uliokuwa ukivimba. "Mimi pia nilipiga. Nilipiga kuliko wote."

"Tunasubiri radhi ya mgonjwa," kilisema kigawadawa.

"Mama, nakuomba."

Bi Mwashi alijiinua kwa kiwiko. Ulimi ulikuwa mzito, kwa hiyo alitamka kila neno polepole, mashine isije ikasingizia kwamba haikusikia.

"Andika. Nimeanguka mara tatu. Siombi radhi."