Bafta ya Bibi Zeyana

Humaidi alikuwa radhi kulala njaa kuliko kutazama picha yenye doa. Filamu zake zilikuwa nakala za daraja la kwanza, zimepanda treni kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, naye alizifuta kwa pamba kama anayemwogesha mtoto mchanga. Basi ile Ijumaa alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi na jamaa wamekwisha kukaa, alipoona doa jeusi pembeni mwa picha, alichemka.

Alifuta lenzi. Akamwita Lugembe, fundi umeme wa Ipuli, aliyeifungua projekta yote asione kasoro. Ijumaa iliyofuata doa likarudi, limesogea katikati, tena lina mabega. Sebule ikanuka kafuri.

"Mume wangu," Tufaha akanong'ona, "kitambaa hicho ulichotundika ukutani umekitoa wapi?"

Akamwambia asimchoshe. Siku zile za kuhamia vijijini duka la ushirika halikuwa na nguo nyeupe hata ya kufungia kidonda. Ndipo alipokumbuka sanduku la mama yake, Bibi Zeyana, alimohifadhi bafta ya sanda yake, imetiwa kafuri na kusomewa. Ameazima tu, atairudisha.

Bibi alipoambiwa hakugomba. "Sanda ina mlinzi wake, mwanangu, na si mtu. Ikishakunjuliwa haikunjwi tupu. Iteremshe leo."

Humaidi akaitikia, lakini roho ilimuuma. Filamu nzuri kiasi kile, hajaiona mwisho wake hata mara moja! Akaomba aimalize kwanza, kisha aiteremshe.

Picha ikaanza, na yule wa mabega akaja akipita kati ya waigizaji bila kunyanyua mguu, kafuri ikipanda hadi kooni, akazidi kukua mpaka akaijaza bafta yote, kisha taratibu akajilaza, mikono ubavuni, na Lugembe akachomoa waya ukutani, projekta ikanyamaza, taa yake ikazimika, na bafta ikabaki inang'aa vilevile.

"Usiangalie," Tufaha alimsihi katikati ya Ayatul Kursi.

Humaidi aliangalia. Doa lilikuwa limeondoka kabisa. Uso wa aliyelala ulionekana wazi, kila unywele wa ndevu mahali pake, picha safi kuliko zote alizowahi kuonyesha.

Akainua mkono kupapasa ndevu zilezile kidevuni mwake. Yule wa kwenye bafta hakuinua wake.