Sura Ambayo Renatus Hakuisoma

"Tangazo! Kwa mamlaka niliyopewa, nawajulisha kwamba virusi vya kuua viko njiani kuja Basotu. Yeyote atakayepata homa atafungiwa peke yake, na mama yake hatamwona tena!"

"Shuka juu ya kinu changu, wewe!" sauti ya Bibi Fransiska ilitoka jikoni. "Na uso hujanawa!"

Daktari Renatus, bingwa wa magonjwa ya kutisha, akashuka. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na mamlaka yake yote ilikuwa kitabu kimoja alichoazima kwenye maktaba ya shule yake ya bweni. Waliomsikiliza walikuwa mbuzi wawili na mdogo wake Marieta, aliyekuwa akichambua maharage.

Ilikuwa likizo, mwaka ule ambao watu walikuwa bado wakisema "mkoa wa Arusha", kisha wanajisahihisha, "aa, Manyara". Watoto hao walikuwa wametoka kwao Nambis kuja kukaa na bibi yao. Kila asubuhi Renatus alichunga ndama, na ndama wakitulia alifungua kitabu. Kilieleza mambo ya kweli: homa, macho mekundu, kisha damu puani na mdomoni. Alisoma huku nywele zikimsimama. Hofu ilipomzidi, alimgawia Marieta, tena kwa nyongeza.

"Kaka, hata mtoto mdogo wanamfungia?" Marieta aliuliza.

"Hasa mtoto mdogo," Renatus alijibu, akitikisa kichwa kama mzee msibani.

Marieta aliyainamia maharage yake.

Alasiri moja Renatus alirudi kutoka ziwani na ndoo ya maji. Uani kulikuwa kimya. Nyuma ya ghala alimkuta Marieta amejikunyata, anatetemeka kwenye jua kali. Macho yake yalikuwa mekundu. Midomoni na kifuani mwa gauni lake kulikuwa na damu.

Ndoo ikamponyoka. Kila alichokisoma kilikuwa mbele yake, kimevaa gauni la mdogo wake.

"Siumwi, kaka," Marieta alisema haraka. "Kweli siumwi. Usiwaambie."

Renatus alinyoosha mkono kumwinua, akaurudisha. Badala yake alimwelekeza kwa fimbo ya kuchungia mpaka chumbani, akafunga komeo kwa nje. Kisha akasugua mikono yake kwa majivu mpaka ikawasha.

"Kaka, nifungulie! Sitaumwa tena!"

Alitaka kufungua, na alitaka kukimbia mpaka Nambis. Hakufanya hata moja.

Bibi alifika na Mjomba Hhando, mwenye ng'ombe. "Nani amemfungia mtoto?"

"Bibi, usiingie! Ana virusi! Anatoka damu mdomoni! Tutakufa wote!"

"Damu?" Bibi alimtazama kana kwamba ndiye mgonjwa. "Ile ni damu ya dume jekundu la mjomba wako. Nilimwona mtoto amelegea, Hhando akalitoboa mshipa wa shingo, nikamchanganyia na maziwa apate nguvu. Wewe ulipovunjika mkono hukunywa?"

Renatus alikumbuka kwamba alikunywa, tena akaomba kuongezewa. Alitaka kucheka, lakini Bibi alipotoka chumbani sura yake ilikuwa imebadilika.

"Mtoto anawaka moto. Hhando, lete baiskeli!"

Kwenye zahanati, Nesi Judith alimtoboa Marieta kidole akapima. "Malaria. Na imeachwa sana." Alimtundikia dripu upesi.

"Shikamoo, nesi," Renatus alisema kutoka mlangoni. "Atapona?"

"Marahaba. Sijui bado, mwanangu."

Hakuna ukurasa uliowahi kumtisha kama maneno hayo.

Asubuhi Marieta alifumbua macho, akaomba uji. Bibi akalia na kucheka kwa pamoja. Nesi Judith akaketi kitandani, akamgeukia Marieta.

"Mama, homa ilianza lini?"

"Jumapili."

"Mbona hukumwambia bibi yako?"

Marieta alimtazama kaka yake, kisha akatazama dari. "Nilisahau."

Nesi akakichukua kitabu kilichokuwa kwapani mwa Renatus. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekunjamana, zina mafuta ya vidole. Za mwisho zilikuwa bado zimegandana.

"Kitabu kizuri," alisema. "Sura ya mwisho inaeleza jinsi ya kujikinga. Mgonjwa aseme mapema, na mtaalamu aitwe kabla ya mlango kufungwa. Na bibi, damu mbichi muiache, nayo huleta magonjwa."

"Hee, na mimi nimo!" Bibi aliguna.

"Sote tumo. Kuogopa ugonjwa si kosa, kwa kuwa hofu inaweza kukuleta hapa mapema. Lakini mtoto akiogopeshwa mpaka afiche homa, hata malaria, ambayo dawa yake ninayo kabatini, itamwua. Sasa, nani alimtisha huyu?"

Marieta alifumba macho, akajifanya amelala.

"Ni mimi," Renatus alisema, machozi yakimtoka. "Mambo ya kufungiwa, na mama kutomwona tena, nilibuni mwenyewe. Nisamehe, Marieta."

"Na sura hii ya mwisho?" Nesi aliuliza. "Kwa nini uliiruka?"

Renatus aliinamisha kichwa.

"Niliichungulia," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona hakuna anayekufa."