Mkataba Ndani ya Kiti

Kila asubuhi Mama Pasi aliigusa pasi kwa kidole kilicholowa. Ikilia "tsss", kazi ilianza. Alifua na kunyoosha mashuka ya nyumba mbili za wageni. Katika chumba cha pili alikaa mumewe, Fundi Viti, na cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi. Ikianza kunguruma, vikombe vilitikisika mezani. Kelele hizo hakuna aliyezilalamikia, kwa sababu cherehani hiyo ndiyo iliyolipa kodi na karo.

Mlangoni lilisimama gari lao dogo la mizigo. Walilichukua kwa mkopo wa miezi thelathini na sita, ili libebe mashuka na viti. Walikuwa wameshalipa miezi ishirini. Kisha nyumba moja ya wageni ikanunua mashine zake za kufulia. Ya pili ikafungwa kabisa. Mama Pasi akabaki na mashuka machache ya majirani, yasiyohitaji gari. Gari likasimama, lakini rejesho la kila mwezi halikusimama.

Siku moja Fundi alirudi na habari kutoka kwa muuza mbao. Muuza mbao alimwambia kwamba wakopeshaji huja na lori la kuvutia magari. Wakishalichukua gari, huingia ndani na kubeba vyombo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona, ila lisemwalo lipo.

Tangu siku hiyo nyumba ilijaa hofu. Lori likipunguza mwendo barabarani, Mama Pasi alizuia pumzi. Shuka moja alilikunja mara mbili bila kujua. Fundi naye alifunika namba ya gari kwa kitambaa cheusi.

"Namba umeifunika kwa nini?" mkewe alimuuliza.

"Vumbi."

"Vumbi linalochagua namba tu?"

Fundi alikaza fundo la kitambaa. Yeye pia aliogopa, ila alikuwa mtu wa kunyamaza.

Jumamosi moja simu ya Fundi iliita mara tatu. Ilikuwa namba wasiyoijua, na hakuna aliyeipokea. Baada ya hapo Fundi alitoka akaliosha gari, akatoa kamba zake na vifaa vyake vyote. Mama Pasi alidhani amepata mteja. Fundi akamwambia hapana, analirudisha gari.

"Leo mchana ofisi yao imefungwa," alisema. "Nitaliegesha getini. Funguo nitaziingiza kwenye tundu la barua. Nitarudi kwa miguu. Gari lao, funguo zao, tutakuwa tumemalizana."

Mama Pasi alizitazama funguo. Alitamani kukubali ili hofu iishe, na kutamani huko ndiko kulikomtisha zaidi.

"Na wakisema hatujamalizana?" aliuliza.

Fundi alizigeuza funguo mkononi. Mkewe akamwomba amngoje kidogo, akavaa viatu na kwenda kwa Karani.

Karani alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Mama huyo alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mikopo. Sasa alikuwa na duka la kutoa nakala, lakini jina la Karani lilimganda. Alifunga duka, akaja na miwani yake.

Kwanza aliuliza kama kuna mwezi wowote hawajalipa. Fundi akasema mwezi huu wamelipa, mwezi ujao hajui.

"Basi hujachelewa, shemeji. Lete mkataba."

Fundi alitazama vidole vyake vya miguu.

"Upo salama," alisema.

"Salama wapi?"

"Kwenye kiti."

Ikabidi aeleze. Yeye tangu ujana huficha vitu vya maana ndani ya viti. Mwizi hufungua kabati, hafumui kiti. Wiki ya kwanza ya kupata gari alilishonea viti vipya. Mkataba akautia kwenye mfuko wa plastiki, akauweka kati ya sponji na ngozi, kwenye kiti cha dereva. Kisha akashona kwa uzi wa mara mbili.

"Uliusoma kabla ya kuushona?"

"Nilisaini, dada."

"Sikukuuliza hilo."

Fundi alikiri kwamba hakusoma hata ukurasa mmoja. Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Miezi ishirini umeukalia mkataba," alisema. "Leo unakimbia usichokijua."

Mama Pasi hakucheka. Alimtazama mumewe akichukua kisu cha kufumulia. Nyuzi zilikatika moja moja. Karatasi zilitoka zimepinda kama kiti, zina joto la jua. Waliingia nazo ndani, wakaziweka kwenye meza ya kunyooshea nguo.

Karani alisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Mkataba ulisema hivi: mkopaji akiliacha gari bila makubaliano ya maandishi, mkopeshaji ataliuza kwa mnada. Bei ya mnada isipotosha, mkopaji atalipa kilichobaki. Atalipa pia gharama za mnada na za kulihifadhi gari.

"Kwa hiyo nikiacha funguo getini?" Fundi aliuliza.

"Funguo zitabaki huko. Deni utarudi nalo nyumbani."

Akafungua ukurasa wa dhamana, yaani mali ambayo mkopeshaji anaweza kuichukua deni lisipolipwa. Kisha akasoma kwa sauti ndogo: "Gari lenyewe, na cherehani moja ya kushonea ngozi."

Mama Pasi aliketi juu ya furushi la mashuka.

"Walisema niandike kitu chochote cha thamani," Fundi alisema. "Walisema ni fomu tu."

"Fomu uliyoisaini ndiyo mkataba, shemeji."

Mama Pasi aliona chumba cha pili bila cherehani, na vikombe vimetulia mezani. Alisema waziwazi, "Naogopa."

"Ogopa, lakini tusome," Karani alimjibu. "Bado kurasa mbili."

Kwenye ukurasa uliofuata walikuta kifungu cha kumaliza mkopo mapema. Kilisema mkopaji anaweza kumaliza siku yoyote, akitoa taarifa ya maandishi siku kumi na nne kabla. Atalipa ada ndogo, nusu ya rejesho moja. Riba ya miezi iliyobaki hatatozwa.

Fundi alikuwa ameshazidisha rejesho mara kumi na sita kichwani, na jibu lilikuwa likimtisha kila siku. Karani alimwambia aiache hesabu hiyo. Ndani ya kila rejesho kuna sehemu ya mkopo na sehemu ya riba, ambayo ni malipo ya kukopeshwa. Kwa mkataba huu, ukimaliza mapema riba ya mbele inaondoka. Mkataba mwingine unaweza kusema vingine, ndiyo maana kila mtu husoma wa kwake.

"Na hela za kumaliza tutatoa wapi?" aliuliza Mama Pasi.

"Gari liuzwe. Lakini si kwa siri, maana kwenye kadi ya gari kuna jina la mkopeshaji. Mwombeni ruhusa kwa maandishi. Mwulizeni pia, kwa maandishi, kiasi kamili cha kumaliza. Mnunuzi alipe kwao, kinachozidi ndicho chenu. Mpaka hapo endeleeni kulipa. Na simu mpokee."

"Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa," Fundi alisema.

"Na dawa ya mkataba ni kuusoma. Hiyo naongeza mimi."

Jumatatu walikwenda ofisini wote wawili, na barua ya taarifa pamoja na nakala yake. Mlangoni Mama Pasi alimshika mumewe shati kwa nyuma. Ofisa hakupiga kelele. Alipokea barua, akagonga muhuri kwenye nakala yao, akawarudishia. Kisha akamwuliza Fundi kwa nini hapokei simu. Jumamosi alimpigia mara tatu kumkumbusha kuwa bima ya gari inakaribia kuisha.

Mama Pasi alitaka kucheka na kulia. Hofu yote ile, kumbe bima.

Baada ya siku tano walipata kiasi cha kumaliza, kwa maandishi. Kilikuwa kidogo kuliko hesabu ya Fundi. Ruhusa ya kuuza ilikuja pamoja nacho. Muuza mayai wa sokoni alilitaka gari, ila bei yake haikuwafurahisha. Walikubali. Siku kumi na nne zilipotimia alilipa mbele ya ofisa, deni likaisha, na kikabaki kiasi cha kununulia mkokoteni. Mama Pasi alihuzunika gari lilipoondoka na viti vile vizuri, na hakujificha.

Wiki iliyofuata Fundi aliitwa kuchukua barua ya kumaliza deni. Zamani angeikunja na kuondoka. Safari hii aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kidole chini ya mstari. Aliisoma tena. Akarudi ndani.

"Hii inaachia gari tu," alisema. "Cherehani yangu haimo."

Ofisa akasema hilo linaeleweka, deni likiisha yote yameisha.

"Mimi na wewe tunaelewa. Iandike, na atakayekaa hapo baada yako aelewe."

Barua ikaandikwa upya.

Nyumbani Mama Pasi aliisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, mpaka neno cherehani. Fundi akauliza kama aishone ndani ya kiti.

"Thubutu," mkewe alisema. Aliitia kwenye faili la plastiki, akalitundika kwenye msumari juu ya pasi, mahali linapoonekana. Nakala moja walimpa Karani.

Fundi alirudi chumbani kwake. Cherehani ikanguruma, vikombe vikatikisika. Nje, lori zito likapunguza mwendo mlangoni. Mkono wa Mama Pasi ukasimama. Kisha ukaendelea, shuka lisije likaungua.