Springi Iliyoanguka Bila Kufunguliwa

Saa tatu na nusu asubuhi. Gari langu lilikuwa juu ya mtambo wa kunyanyulia, magurudumu yananing'inia, na springi ya nyuma kushoto ikaanguka sakafuni yenyewe.

Hakuna aliyeigusa. Hakuna nati iliyolegezwa.

Ilidunda, ikabingirika, ikaishia kwenye kiatu cha kaka yangu.

Fundi akazima redio.

"Mama... hii si niliyokufungia mimi."

"Una hakika?"

"Niliyofunga mimi haianguki."

Aliiokota, akaigeuza kwenye mwanga. Ncha ya juu ilikuwa imekatwa kwa mashine ya grainda. Bado ilikuwa na makali ya kuweza kumchana mtu.

Kaka yangu alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeshinda bao.

"Mume wako huyo! Nilisema mimi! Nani mwingine?"

Nilikuwa naangalia rangi. Springi nilizonunua zilikuwa za bluu. Na hii ilikuwa ya bluu.

Mtu hakubadilisha tu springi zangu. Alikaa akazipaka rangi nisijue!

Turudi nyuma kidogo, ili usinihukumu bila ushahidi.

Kazi yangu ni kukagua lifti za maghorofa. Naangalia kamba za chuma, breki, bolti. Katika kazi hii mtu akisema "nahisi iko sawa," unamwambia ashuke, unapanda wewe.

Gari ni la michezo, la milango miwili, nililipata mkononi mwa mtu. Lilikuwa limeshushwa chini, zuri kweli kwa macho. Tulipolinyanyua mara ya kwanza tukakuta mwenyewe wa zamani alikata springi za kiwandani, zote nne. Ikabidi nichague nyingine.

Kuchagua springi za kushusha gari kulizua bunge zima sebuleni kwangu.

Mume wangu, muuguzi, mtu mpole asiyejua hata tairi la akiba liko wapi, alipenda seti nyekundu.

"Hii inashusha sentimita sita! Litaonekana kama la mashindano."

"Shokomzoba zetu haziwezi sita," nilimwambia. Shokomzoba ndiyo inayotuliza springi isirukeruke, na ina urefu wake wa kucheza. "Tukishusha sita, kila shimo litagonga chuma kwa chuma. Tatu zinatosha."

"Tatu nani ataziona?"

"Mgongo wako."

Kaka yangu alikuwepo. Ni dalali wa nyumba, anaweza kukuuzia chumba chako mwenyewe ukashukuru. Siku hiyo alikuwa upande wangu.

"Msikilize mkeo, shemeji. Sentimita tatu, springi za aina ya gari lenyewe, ncha zake zikae vizuri kwenye kiti chake cha chuma. Mambo ya kukatakata yanaua watoto. Mimi zangu ni za kiwandani, ndiyo maana mnaniona hai."

Gari lake lilikuwa aina ileile, jeusi. Ndiye aliyenishawishi ninunue la kufanana. Mtaani wanayaita mapacha.

Nikanunua seti ya bluu. Fundi akazifunga mbele ya macho yangu. Watu wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kukimbizwa na mteja yeyote.

Nina mazoea ya kazini. Nikishakagua bolti, napiga mstari wa rangi ya kucha, nusu juu ya bolti, nusu kwenye chuma cha jirani. Bolti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Na kila springi naiwekea nukta kwenye ncha ya juu, mahali inapofichwa na kiti chake. Natumia zambarau, maana hakuna fundi mwenye rangi ya zambarau gereji.

Mume wangu alinicheka sana siku hiyo. "Gari la watu linapakwa kucha!"

Zile zilizokatwa tukazitia kwenye gunia. Mume wangu akazipeleka stoo.

Sasa asubuhi hiyo.

Kwa majuma kadhaa binti yetu alikuwa anapelekwa shule na mjomba wake. Kaka alijitolea mwenyewe. Kila asubuhi honi getini, mtoto mbio, "Mjombaaa!" Nikasema nimepata kaka mwenye moyo.

Siku hiyo alichelewa. Nikampakia mtoto mimi mwenyewe.

Kwenye kona ya machimbo ya kokoto kuna shimo. Nililipita kwa mwendo wa kawaida kabisa. Sehemu ya nyuma ya gari ikaruka, ikatua pembeni, ikagonga kitu mara mbili. Kong! Kong! Usukani ukanivuta kuelekea ukingo, na chini ya ukingo ule ni shimo la mawe.

Nililirudisha. Sijui nieleze vipi zaidi. Nililirudisha.

"Mama," binti akasema, damu kwenye kola ya sare yake, "gari limeruka."

Alikuwa ameuma ulimi. Nilimfikisha shule kwa mwendo wa konokono, mwalimu akampa barafu. Kisha gereji. Kaka alinikuta hapo. Nilipompigia simu kumwambia kilichotokea alikuja mbio hata kabla sijamwomba.

Ndiyo maana alikuwa amesimama pale springi ilipomfuata kiatuni.

Nilimulika tochi chini ya gari. Mstari wangu wa zambarau kwenye bolti ya nyuma ulikuwa umekatika. Nusu huku, nusu kule.

Springi iliyoanguka haikuwa na nukta. Ya kulia, fundi aliitoa kwa mkono mmoja kama anachuma embe. Nayo imekatwa. Nayo haina nukta.

Za mbele? Zangu, nukta zote zipo.

"Za nyuma ni rahisi kutoa," fundi alisema. "Jeki, spana, basi. Za mbele zinataka kifaa maalumu, mtu akiparamia inamng'oa meno."

"Gari lilikuwa linakaa kimo kilekile," nikasema. Nilikuwa nakipima kila wiki.

"Likiwa chini, uzito unaibana, huwezi kujua. Springi fupi ya dukani na iliyokatwa zinafanana. Linyanyue, nzuri inabaki imebanwa, iliyokatwa inakuaga."

Kaka alikuja karibu, akaniwekea mkono begani.

"Mdogo wangu, fikiria. Nani alitaka gari liwe chini zaidi? Nani ana ufunguo? Nani aliweka zile mbovu stoo?"

Yote matatu yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniuma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akamalizia.

Nikampigia mume wangu.

"Springi za zamani ziko wapi?"

"Zile za kukatwa? Stoo, nyuma ya ngazi. Kuna nini?"

"Ziko zote?"

"Mke wangu, kuna nini?"

"Zilete gereji ya Taratibu. Sasa hivi. Usifungue gunia."



"Mtoto yuko salama?"

"Ameuma ulimi. Yuko shule."

"Nakuja."

Kaka aliketi juu ya tairi kuukuu, akafungua soda.

"Atakuja na hadithi. Atasema gunia limeibiwa. We subiri."

Nikasubiri. Naomba uelewe nilichokuwa nasubiri. Gunia likija pungufu, basi mwanaume ninayelala naye alitoa springi nzima chini yangu akarudisha zilizokatwa, kwa ajili ya urembo wa gari. Sikuwa na njia nyingine ya kulieleza. Niliitafuta, sikuipata.

Fundi alimwambia kaka gari lake limeziba mlango, aache ufunguo alisogeze. Kaka akautundika kwenye msumari bila hata kutazama.

Mume wangu alifika kwa pikipiki ya kukodi, na sare ya hospitali, gunia amelipakata kama mgonjwa. Aliniangalia usoni. Akaelewa nusu ya jambo kabla sijasema neno.

Aliliweka chini.

"Sijafungua."

"Fungua, fundi," nikasema.

Fundi akamwaga. Kutu ikaruka. Moja... mbili... tatu...

Nne!

Za mbele mbili, za nyuma mbili. Seti nzima, na utando wa buibui.

Taratibu alikuna kichwa kwa spana.

"Za gari hili zilizokatwa ni hizi nne. Na hapa nimetoa mbili nyingine zilizokatwa. Mama, gari lako lina magurudumu sita?"

Hakuna aliyecheka.

Springi zile mbili hazikutoka kwangu. Zilitoka kwenye gari jingine, la aina hiihii. Mjini yako mangapi, sijui. Ndani ya geti la gereji yalikuwa mawili.

Mume wangu ndiye aliyeanza kusema. Polepole, kama anayekumbuka dozi.

"Shemeji... ile Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Mke wangu alipokuwa safarini. Ulipoomba ufunguo. Ukasema unalipeleka gari ling'arishwe, unataka kumshangaza dada yako, nisimwambie."

"Na si lilirudi linang'aa?"

"Lilirudi linang'aa."

Nilimgeukia kaka.

"Gari lako lilipita lini ukaguzi wa serikali?"

"Unauliza ya nini? Lilipita. Safi kabisa."

"Lini?"

"Si... wiki ileile tu."

"Fundi, linyanyue la kaka."

Soda ikasimama njiani kuelekea mdomoni.

"Ya nini? Gari langu halina shida! Halafu kuna mteja ananisubiri." Alienda kwenye msumari. Ufunguo haukuwepo. "Fundi, nipe ufunguo wangu."

"Nalitoa mlangoni, bosi. Si linaziba?"

Akalitoa mlangoni kweli. Akalileta juu ya mtambo wa pili. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Taratibu alifanya jambo haraka.

Gari jeusi likapanda. Magurudumu yakashuka, yakaning'inia. Nilikuwa nasikia mtambo tu.

Springi za nyuma hazikusogea. Zilikaa zimebanwa, imara, kama zinavyotakiwa. Za bluu.

Fundi alisukuma moja kwa nyundo ya mpira ili ncha ijitokeze, akafuta tope kwa kidole. Akaniita kwa kichwa.

Nukta ya zambarau.

"Ningezirudisha," kaka alisema. "Haki ya Mungu ningezirudisha! Za kwangu za nyuma zilikuwa zimekatwa, wakazikataa kwenye ukaguzi. Nikasema nizitumie siku moja tu. Halafu ukarudi safarini mapema. Halafu... gari likawa linakaa vizuri barabarani. Nikawa nasema wiki ijayo."

"Ulizipaka bluu."

"Zisipate kutu."

Mume wangu alitoa sauti fulani, si kicheko.

Nilibaki na swali moja tu, na lilikuwa zito kuliko yote.

"Kwa nini ulikuwa unamchukua mtoto kila asubuhi?"

Akaangalia getini.

"Kaka. Ulikuwa unampeleka kwa gari lako, juu ya springi zangu. Kwa nini?"

"Ni mpwa wangu," alisema chini. "Nisingeweza kumwacha apande lile. Sina roho hiyo."

"Na mimi?"

Aliangalia chupa yake ya soda.

"Wewe unaendesha taratibu."

Ndugu zangu mnaosoma, sitaongeza chumvi. Hayo ndiyo maneno yake, watu watatu waliyasikia.

Nilimfuata mume wangu pale alipokuwa ameinama anarudisha vyuma kwenye gunia.

"Nilikudhania wewe."

"Najua. Uliniambia nisifungue."

"Samahani."

"Ungenidhania bila kuniambia nilete gunia, hapo ningekasirika." Kisha akaongeza, "Lakini kwa kweli, tatu hakuna anayeziona."

Wengi mtaniuliza kwenye maoni mnunue springi gani za kushusha gari. Nunueni za aina ya gari lenu, zisizozidi uwezo wa shokomzoba, na kabla hamjamwamini muuzaji, linyanyueni gari magurudumu yaning'inie. Likiwa chini, kila springi inaonekana nzuri. Na ndugu naye usimpime kwa anavyokaa sebuleni kwako mambo yakiwa yametulia. Mimi nilikuwa na ushahidi wa aina tatu dhidi ya mtu asiye na hatia, na sikuwa na hata mmoja dhidi ya mwenye kosa, mpaka kitu kiliponyanyuliwa.

Taratibu alitoa springi zangu mbili kwenye gari jeusi, akazirudisha kwenye langu. Nilishika tochi. Mume wangu alichukua kichupa cha rangi ya kucha mkobani mwangu bila kuulizwa, akapiga mstari kwenye bolti, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Gari langu likateremshwa. La kaka likabaki juu, nyuma tupu.

"Sasa mimi naondokaje?" aliuliza.

Fundi alimwonyesha sakafuni. Zile mbili za bluu, ncha zilizokatwa zikitazama juu.

"Si zako hizo, bosi? Nikufungie?"

Kaka yangu alizitazama kwa muda mrefu.

Kisha akatoka getini kwa miguu.