Keni ya Bluu ya Bibi Ndelilio

Kila alfajiri, Hellen aliamshwa na sauti ya mama yake akimbembeleza ng'ombe. "Simama, Nuru. Simama, mama." Hellen alijitupia sweta, akaenda zizini na maji ya vuguvugu. Alikiosha kiwele, akashika ndoo huku mama akikamua, kisha akaibeba kupita kwenye migomba hadi njia panda ya mfereji. Hapo Jesse alikuwa akimngoja na keni, kopo kubwa la kubebea maziwa.

Jesse alikuwa mjukuu wa Bibi Ndelilio, mjane wa kihamba cha jirani, shamba la migomba na kahawa lililopakana na lao. Yeye na Hellen walisoma darasa la sita katika shule moja, huko huko Machame. Bibi alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Miaka hiyo kahawa haikuwa na bei, na watu walikuwa wameanza kuing'oa wapande nyanya. Sukari, mafuta ya taa na madaftari ya Jesse vyote vilitoka kwa ng'ombe yule.

Pale njia panda, watoto hao wawili walimimina maziwa ya nyumba zote mbili katika keni moja. Mmoja aliipeleka kwenye kituo cha kikundi cha akina mama, na mwingine akakimbilia shule kuwahi kuhesabiwa namba. Wiki moja walitumia keni ya Bibi, yenye mfuniko wa bluu. Wiki iliyofuata walitumia keni nyekundu ya mama yake Hellen. Malipo yalipotoka, majirani hao waligawana bila kelele.

Kikundi kilikuwa na sheria kwamba kila nyumba ilete maziwa yake katika keni yake. Bwana Eliezeri, aliyekuwa akipokea maziwa, aliikariri katika kila mkutano, na kila mkutano watu waliitikia vizuri kabisa. Kesho yake waliendelea kuchanganya kama kawaida. Waliiona kuwa sheria ya watu wasiojuana. Nani angemkataza jirani kumbebea jirani yake? Hata Bwana Eliezeri alijua, akajifanya haoni.

Siku moja chuchu moja ya Nuru ilivimba na kuwa ya moto. Maziwa yake yalitoka na mabonge. Zamani bwana mifugo wa serikali angepita mwenyewe na mkoba wake, lakini siku hizo hakuonekana tena, na kila mtu alijitibia ng'ombe wake kwa dawa za dukani. Mama yake Hellen, Magdalena, aliteremka Moshi mjini akanunua mirija ya dawa ya kiwele. Alikuwa akiiingiza kwenye ile chuchu kila alipomaliza kukamua.

"Mama," aliuliza Hellen, "maziwa haya tunayapeleka?"

"Ya chuchu gonjwa tunayamwaga. Hizi tatu ni nzima."

"Lakini mwenye duka si alikwambia maziwa yote yamwagwe..."

"Mwenye duka hajawahi kukamua hata mbuzi. Kiwele kina vyumba vinne, Hellen. Ukipaka rangi chumba kimoja, vingine vinabadilika?"

Hellen aliona maneno hayo yana akili. Isitoshe, mama yake alikuwa mzee wa kanisa na mweka hazina wa kikundi. Hakuwa mtu wa kubishiwa. Basi Hellen akabeba ndoo hadi njia panda, akamimina. Ilikuwa wiki ya keni ya bluu.

Maziwa ya kikundi yalipelekwa kwa pikapu hadi mtaa wa Soweto, Moshi, kwa Mama Dominika, aliyetengeneza mtindi na kuuza madukani na katika shule mbili za bweni. Wiki hiyo mtindi wake uligoma kuganda. Siku ya kwanza alidhani ni baridi. Siku ya pili alimwaga mapipa mazima, akampigia simu Bwana Eliezeri kwa hasira: kuanzia kesho, kabla maziwa hayajachanganywa, achote kidogo kutoka kila keni katika chupa yake, na kila chupa iwe na rangi ya keni yake.

Chupa zilipofika, Mama Dominika alizitia mtindi wa kuanzishia. Zote ziliganda isipokuwa moja. Jumamosi alipanda mwenyewe hadi kituoni, akaishika ile chupa mbele ya akina mama wote, akaitikisa. Maziwa yalicheza ndani kama maji.

"Humu mna dawa ya ng'ombe," alisema. "Dawa inayoua vijidudu vya ugonjwa inaua na vile vinavyogandisha mtindi. Mtoto wa bweni akiinywa kila siku bila kujua, siku akiugua kweli dawa haitamsaidia. Na wako ambao miili yao inaikataa, wanavimba hadi pumzi inaziba. Nani mwenye keni ya bluu?"

"Ni yangu, mwanangu," alijibu Bibi Ndelilio, akisimama taratibu. "Lakini ng'ombe wangu hajaonja dawa. Na maziwa ya keni ile si yangu peke yangu."

Bwana Eliezeri alimgeukia Magdalena. "Mama Hellen, wiki hii mlichanganya?"

Hellen alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Aliona shingo yake ikikakamaa. Sasa anasema, aliwaza Hellen. Atasema alikosea, aombe radhi, watu wapige kelele kidogo, basi.

"Hapana," alisema Magdalena. "Wiki hii sikuleta kitu. Nimemwachia ndama anyonye."

Bibi Ndelilio alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemtafuta mwingine aliyemfahamu katika uso ule. Halafu akakaa.

"Bibi amezeeka, anasahau," mama mmoja alinong'ona, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa rahisi kuamini hivyo, na neno la Jesse, mjukuu wake, lisingehesabiwa ushahidi. Mama Dominika alisema lake pale pale: ama keni ya bluu itoke, ama atafute kikundi kingine, maana wazalishaji wapo wengi hadi Kibosho. Pikapu ilikuwa ikinguruma barabarani. Wakapiga kura haraka, na Bibi Ndelilio akafutwa. Magdalena naye aliinua mkono, na Hellen aliuona mkono huo ukiinuka.

Njiani kurudi nyumbani Hellen hakuweza kujizuia. "Mama, yalikuwa ya kwetu! Mimi mwenyewe niliyamimina!"

"Shusha sauti."

"Twende tukawaambie."

"Tuwaambie nini? Nisimame mbele ya usharika mzima niitwe mwongo? Kikundi kikinifukuza, sare yako ya mwakani utaivaa ya majani ya mgomba?" Magdalena aliongeza mwendo. "Bibi ana watoto Dar es Salaam. Watamtumia."

Watoto hao wa Dar es Salaam hawakuwa wameleta hata salamu tangu msiba wa baba yao, na Magdalena alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyewahi kuwaandikia.

Matibabu ya Nuru yakaisha. Dawa ikatoka mwilini, na maziwa ya keni nyekundu yakawa safi. Mtindi wa Mama Dominika ukaganda vizuri sana. "Mnaona?" walisema akina mama. "Tulipomtoa tu, mambo yakanyooka." Hellen alizisikia kauli hizo kituoni kila asubuhi, akatamani ardhi immeze. Sasa alibeba keni peke yake.

Shuleni Jesse alihama dawati. Hellen alimfuata wakati wa mapumziko. "Jesse, mimi sikusema kitu."

"Ndiyo," Jesse alimjibu. "Hukusema kitu. Na ulimimina kwa mkono wako."

Baada ya hapo Jesse akaanza kukosa shule. Maziwa ya Bibi hayakuwa na soko. Aliyauza kikombe kikombe kwa majirani, na wengine waliogopa hata kuyanunua. Bila malipo ya kikundi hakuwa na uwezo wa kununua pumba wala kuwalipa vijana walioleta nyasi kutoka tambarare. Jesse ndiye aliyeteremka kuzikata, akarudi jioni na mzigo kichwani. Hellen alimpisha njiani akiangalia chini. Kila usiku aliapa atasema kesho, na kila kesho aliutazama uso wa mama yake akaogopa.

Jumatatu moja alipita kwenye kihamba cha Bibi, akaona zizi liko wazi. Jesse alikuwa akifagia ndani, ingawa hapakuwa na kitu cha kufagia.

"Yuko wapi?" aliuliza Hellen.

"Ameuzwa juzi. Mchuuzi amempeleka mnadani Tarakea."

Hellen hakwenda shule. Alikimbia hadi kituoni, akamkuta Bwana Eliezeri akisuuza makeni. "Shikamoo," alisema, na kabla hajaitikiwa akaanza kulia na kusema vyote pamoja: chuchu iliyovimba, mirija ya dawa, njia panda, keni ya bluu, na jibu la mama yake.

Bwana Eliezeri aliketi juu ya keni iliyopinduliwa.

"Keni ile ilikuwa imejaa," alisema. "Ng'ombe mmoja wa Bibi hajazi keni hata kidogo. Niliiona kwa macho yangu, mwanangu. Lakini aliyesema 'hapana' alikuwa mzee wa kanisa, na aliyesema 'si yangu peke yangu' alikuwa bibi kizee. Nikachagua wa kumwamini. Twende kwa mama yako."

Magdalena alipowaona wakiingia uani pamoja, hakuhitaji kuambiwa. Aliliacha jembe likaanguka. Alilia kama mtu aliyetua mzigo, lakini mzigo wenyewe alikuwa amembebesha mwingine.

Bwana Eliezeri alimtafuta yule mchuuzi siku hiyo hiyo ili ng'ombe akombolewe. Mchuuzi akasema alimuuza Tarakea kwa mtu mwenye kofia. Bwana Eliezeri akafunga safari hadi Tarakea. Huko waliomjua mwenye kofia walisema amevuka kwenda Kenya na ng'ombe wengi, wa kuchinja na wa kufuga, na hakuna aliyejua ni upande gani. Alirudi mikono mitupu.

Mkutano ukaitwa. Magdalena alisema kosa lake mbele ya wote, akajivua kazi ya mweka hazina. Kikundi kikamrudisha Bibi Ndelilio na kukata shauri kwamba ndama jike wa Nuru awe wake. Tangu siku hiyo hakuna aliyechanganya maziwa njiani, hata awe ndugu wa tumbo moja, na chupa ya kila keni ilitunzwa mpaka mtindi ugande. Ng'ombe aliye kwenye dawa alitangazwa kituoni, na maziwa ya chuchu zake zote nne yalimwagwa. Mama Dominika aliridhika. Mambo yakanyooka kweli mara hii.

Jioni ya siku ya mkutano Magdalena alikwenda kwa Bibi Ndelilio, na Hellen nyuma yake akimvuta ndama. Magdalena alishika jani la isale lililofungwa fundo, lile ambalo Mchaga akiletewa na mtu aliyemkosea hana ruhusa ya kumkatalia msamaha. Alipiga magoti mlangoni, akalitoa kwa mikono miwili.

Bibi alilipokea. "Umeleta isale, nimekusamehe," alisema. "Inuka." Alimtazama yule ndama mdogo, ambaye alikuwa bado hajaachishwa kunyonya. "Mpaka huyu akamuliwe, sijui nitakuwa wapi."

Magdalena aliondoka akijifuta macho kwa khanga. Hellen alipotaka kumfuata, Bibi alimshika bega.

"Wewe ngoja. Ulisema, na ninakushukuru. Aika, mwanangu. Lakini sitakudanganya kwa sababu ni mtoto. Bwana Eliezeri ameniambia alivyozunguka. Maziwa yale waliyafuata kutoka mjini mpaka mlangoni kwangu kwa chupa moja tu. Zilibaki hatua chache yafike kwenu, na hapo palihitajika mtu wa kusema, si chupa. Mlikuwa wawili mnaojua habari ya dawa, wewe na mama yako. Ng'ombe wangu naye wamemfuata wakaishia Tarakea."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe kabla hujaomba. Nataka tu ujue, maana wewe una miaka mingi mbele. Kweli ile ingesemwa Jumamosi ile kituoni, mama yako angeona aibu mpaka jioni, na kesho yake tungekamua sote. Imesemwa leo. Ni kweli ile ile, haikupungua neno. Lakini nenda kaangalie zizini."

Hellen aliangalia. Jesse alikuwa akimfunga ndama kwenye kigingi kikubwa cha ng'ombe, na kamba ilikuwa ndefu mno kwake.