Prosesa Isiyopata Moto

Kitu kinachofanya kazi na hakili, kiulize kwanza kinakula wapi.

Fundi wa kompyuta hakuuliza. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na ile kompyuta kubwa ya mezani aliachiwa na mteja asiyerudi tena. Alipoifungua, akapaka dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa kidole kitupu, kama kawaida yake. Vijiti vya kupakia alisema ni vya wavivu. Kidole kilikuwa kimechubuliwa na bisibisi. Damu ikachanganyika na dawa. Akafuta? Thubutu! Akafunga.

Mchana ule akaitwika kompyuta kazi nzito. Prosesa ya namna ile hula umeme kama pasi, ukiigusa unaruka. Hii ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Mita ukutani haikusogea, feni imesimama, lakini ndani kitu kilikuwa kikimeza, funda baada ya funda, na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

"Baba, nasikia baridi," akaita binti yake wa miaka sita, yatima wa mama. Na nje jua linapasua mawe!

Fundi akachomoa waya, na kompyuta ikaendelea kumeza, na mtoto akaanza kugongana meno, na bibi yake akamfunika blanketi juu ya blanketi huku midomo ya mjukuu ikigeuka majivu, mpaka mganga aliyeitwa akaja mbio, akainusa kompyuta, akakishika kidole cha fundi.

"Njia ni hii," akanong'ona. "Umempakia jini wa humu damu yako, sasa anavuta joto la walio damu yako. Ukimng'oa, anaondoka na huyo mtoto aliyemshika."

"Anichukue mimi!"

"Wewe ni mlango. Nani anakula mlango?"

Mama yake fundi akajikongoja mbele. "Nipishe, mwanangu. Umejua umeme wote huo, hujui kwamba kikongwe ndiye kuni kavu?" Akabandika kiganja kwenye chuma.

Feni ikavuma. Mtoto akapata rangi, akaomba maji. Bibi akacheka, "Kumbe hata hakuumi..." Kinywa kikabaki wazi hivyo hivyo.

Haikupita nusu saa, feni ikasimama. Meno ya mtoto yakaanza tena.

"Amemaliza?" fundi akauliza.

"Mzee ana joto gani?" Mganga hakumtazama usoni. "Anataka mwenye nguvu zake, wa damu yako. Akishiba, atamwachia mtoto."

Fundi akachukua simu, akampigia mdogo wake wa tumbo moja.

"Kaka! Leo umenikumbuka? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mama anakuulizia. Njoo hivyo hivyo, usipitie popote."

"Haya, nakuja. Na mwanangu mzima?"

"Anakusubiri wewe tu," akasema fundi, huku akibandua vidole vya mama yake kwenye chuma, kimoja kimoja.